Afilieti ni uwinga tu, ila duka huliingii

Haya wapendwa. Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba nshawahi kuuza vitu vya watu mtandaoni kwa kamisheni, sentensi moja jamani, ila meseji zilizoingia sijui nilichokoza nini. Nimechukua tano. Majina nimeyatoa, nimeacha tu mahali mlipo, na mlioandika "nijibu haraka" mnisamehe, hili gazeti halitoki kila siku.

*Kaka habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa nyumbani, simu ninayo na bando nanunua la wiki. Kuna dada kwenye grupu letu la vikoba anasema anafanya afilieti anaingiza mpaka laki tatu kwa mwezi na hana bidhaa hata moja, nikamuuliza vipi ananiambia njoo inbox. Nifafanulie kwa lugha ya kawaida ni kitu gani, faida na hasara zake, na je ni utapeli? – Mama wawili, Mbagala*

Dada yangu, nzuri kabisa. Utapeli sio, ni kazi ya zamani sana imevalishwa shati jipya. Si ushawahi kwenda Kariakoo kutafuta simu? Ukishuka tu Msimbazi kijana kashakudaka, dada unatafuta nini, simu, viatu, mapazia, njoo nikupeleke kwa bei ya jumla, anakupitisha vichochoroni mpaka mtaa wa Aggrey, unanunua, unaondoka, yeye anarudi kwa mwenye duka kuchukua chake. Huyo ni winga. Hana fremu, hana mzigo, hadaiwi pango, mtaji wake ni mdomo na miguu. Mi nimeifanya hiyo kazi miaka miwili na soli za viatu zilinijua.

Afilieti ndo winga huyo huyo, ila badala ya kukushika mkono anakutumia linki. Ile linki ina namba yake ndani, ukiibofya duka linabandika alama ndogo kwenye simu yako wanaiita kuki, ukinunua wanaangalia alama wanajua huyu mteja kaletwa na fulani, fulani anaandikiwa asilimia yake. Amazon walianza mpango wao mwaka 1996 na ndo ulioifanya hii kazi ijulikane duniani, mpaka leo watu wengi wakisema afilieti wanawaza Amazon.

Faida zake ni zile zile za winga. Hununui mzigo, kwa hiyo hakuna cha kukuozea ndani. Mteja akilalamika saizi haimtoshi hiyo kesi ya duka, we umelala zako. Na kuna kitu kimoja winga wa Kariakoo hana, maneno yako yanabaki. Mi mwaka 2021 niliandika posti ndefu ya kulinganisha taa za sola za bei ya chini, ipi inakaa na chaji ipi inakufa baada ya miezi mitatu, ikakaa pale haina msomaji, halafu ukaja ule mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, weee, watu wakaanza kutafuta taa za sola usiku kucha na posti ya miaka miwili ikaanza kunilipa bila mi kugusa kitu. Winga wa Msimbazi akiumwa siku moja hali. Hapo afilieti kampita.

Sasa hasara, na hapa nataka unisikilize vizuri kwa sababu yule dada wa inbox hatakwambia.

Kwanza huwezi kupiga cha juu. Winga akijua simu ni laki mbili anakutajia laki mbili na nusu, hamsini yake, anacheza na bei. Kwenye afilieti bei kaweka mwenye duka na asilimia kaweka mwenye duka, we unapokea ulichopangiwa. Na anaweza kukipunguza akiamka vibaya. Aprili 2020, watu wamefungiwa ndani na korona wananunua kila kitu mtandaoni, Amazon wakapunguza kamisheni, fanicha na vitu vya kukarabati nyumba vikatoka asilimia 8 mpaka 3, vyakula vya dukani asilimia 5 mpaka 1, na taarifa ilitoka wiki moja tu kabla. Kuna watu walikuwa wameajiri waandishi kwa hela ile. Hakuna pa kwenda kulalamika maana mkataba umeandikwa hivyo na we ulibonyeza nakubali bila kusoma, kama sote.

La pili, daftari analo yeye. Winga anaona kwa macho mteja katoa hela, we unaona tu namba kwenye dashibodi, leo mibofyo 90, mauzo 0, na huna namna ya kujua kama ni kweli walioshindwa kununua ni wote tisini. Mteja akirudisha bidhaa na kamisheni yako inarudi. Halafu kuna kiwango cha chini cha kulipwa, mi kuna kampuni moja ya hostingi, wale wanaohifadhi tovuti za watu, nilifikisha dola 87 kwao, kiwango chao dola 100, wakabadili mpango kabla sijafika na ile 87 mpaka leo naiona kwenye ndoto tu.

La tatu ndo kubwa kwetu Bongo, maduka yenyewe ni machache. Jumia, lile duka la mtandaoni, walifunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019, na kila aliyekuwa amesambaza linki za duka lao la huku akabaki na linki zinazoelekea kwenye nyumba iliyofungwa. Ya nje yapo mengi ila jirani yako wa Mbagala hanunui blenda Marekani isafirishwe.

Twende kwenye hesabu. Tuseme bidhaa ni 60,000 na kamisheni asilimia 5, yako 3,000. Katika watu mia watakaobofya akanunua mmoja au wawili shukuru Mungu. Kwa hiyo laki tatu ya yule dada ni mauzo mia moja kwa mwezi, watu maelfu wabofye linki zake kila mwezi, mfululizo. Inawezekana, wapo wanaofanya, ila muulize umeanza lini na mwezi wa kwanza ulipata ngapi. Mi hela yangu ya kwanza ilikuja mwezi wa saba tangu nianze na ilikuwa dola 11, nilinunua kuku.

We kwa hali yako ningekwambia uanze na uwinga wa mtandaoni wa hapa hapa. Tafuta mtu unayemjua anauza kitu ambacho wewe mwenyewe umekitumia, vyombo, nguo za watoto, viungo vya pilau, chochote, mkubaliane kila mteja atakayesema katumwa na wewe una asilimia 10, andikishaneni hata kwenye meseji, lipaneni kila Jumamosi kwa simu. Weka picha zako mwenyewe kwenye stetasi, sio za kudaunilodi. Hapo daftari mnalo wawili. Ukiona unaweza kushawishi watu ndo uende kwenye maduka makubwa. Na yule dada usimfuate inbox mpaka usome barua inayofuata.

*Bro mi ni mwanachuo. Nimejiunga na kampuni ya afilieti, nimelipia 30,000 ya kuingia, nikileta mtu na yeye akilipia 30,000 mi napata 12,000. Nimeshaleta watu sita wa hosteli yetu. Sasa wao hawapati watu wa kuwaleta na wananikalia vibaya. Nifanyeje niwasaidie wapate timu? – Dodoma*

Mdogo wangu, hiyo sio afilieti. Niambie kinachouzwa hapo ni nini? Nimeisoma meseji yako mara tatu sijaona sabuni, sijaona kitabu, sijaona hata kalamu. Kinachouzwa ni kichwa cha mtu. Winga analipwa mteja akinunua simu, halipwi kwa kumleta winga mwingine, na mwenye duka akimwambia winga nilipe 30,000 ndo nikuruhusu uniletee wateja winga atamcheka mpaka akae chini. Mipango ya afilieti ya kweli kujiunga ni bure. Hiyo ndo alama ya kwanza na karibu inatosha peke yake.

Watakwambia bidhaa ipo, ni "kozi". Fungua hiyo kozi uone inafundisha nini, nakuhakikishia inafundisha namna ya kuuza hiyo hiyo kozi.

Hesabu yake ni rahisi, umeleta sita, kila mmoja akitaka kufika ulipo wewe alete sita, hao 36, nao sita sita, 216, ngazi ya nane mmeshapita watu milioni moja na laki sita na Dodoma nzima imeisha. Ndo maana hosteli imekauka wiki ya pili, wala sio uvivu wao. Muulize mjomba wako au mtu mzima yeyote kuhusu DECI, ule mchezo wa kuchangishana hela, mwaka 2009, walikuwa wanaita kupanda na kuvuna, watu wamepanda mpaka hela za ada, serikali ilipoingilia kati waliochelewa kupanda hawakuvuna kitu. Na Kenya mwaka 2021 kulikuwa na app iliyojipachika jina la Amazon ikakusanya hela za vijana ikapotea, na Amazon yenyewe haikuhusika.

Unauliza uwasaidieje wapate timu. Usiwasaidie kupata timu! Umepokea 72,000 kwa wale sita, umelipa 30,000. Mi ningewarudishia. Najua imeshaliwa, we anza hata na elfu mbili mbili kwa wiki, mnalala jengo moja.

*Niaje bro. Mimi nafanya Amazon, nimeshare linki kwa magrupu ya Facebook miezi sita, mibofyo zaidi ya 400, mauzo ni moja na hiyo moja ni mimi nilijinunulia chaja. Juzi wakafunga akaunti. Ni chuki ama? Na hata ningepata doo ningeitoaje? – Nakuru*

Poa sana ndugu yangu wa Nakuru. Chuki hamna, ni sheria zao mbili umezikanyaga kwa pamoja. Ukijiunga unapewa siku 180 uwe umeleta mauzo matatu yanayokubalika, ukikosa wanafunga. Na kujinunulia kwa linki yako mwenyewe hakuhesabiki, tena kunakatazwa, kwa hiyo ile chaja ilikuharibia badala ya kukusaidia. Unaweza kuomba upya, wengi tumeomba upya.

Tatizo lako hasa ni wale 400. Mtu yuko Facebook anaangalia picha za harusi ya mtu, kaona linki kabofya, alikuwa anapita. Kuki ya Amazon inaishi masaa 24 tu, akiweka kitu kwenye kikapu ndani ya muda huo hapo inamsubiri mpaka siku 90, ila asipoweka kesho akirudi kununua kwa hiari yake we humo. Kwa hiyo unamtaka mtu aliyekwisha kuamua, yule anayeandika Google "mashine ya kutotolesha mayai 64 ipi nzuri", huyo hela iko mfukoni anatafuta wa kumthibitishia. Andika kwa ajili ya huyo. Raha ya hayo masaa 24 ni kwamba akinunua kitu kingine kabisa na wewe unapata, mi nshawahi kumpeleka mtu kwenye kitabu akanunua viti vya bustani.

Na hata ukimleta vizuri anaweza kuchukuliwa mlangoni. Anayelipwa ni linki ya mwisho kubofywa. Desemba 2024 kuna mtu wa YouTube anajiita MegaLag alitoa video akidai Honey, kile kiprogramu cha kutafuta kuponi ambacho PayPal walikinunua kwa takriban dola bilioni 4, kilikuwa kinabandika kuki yake juu ya kuki ya mtu aliyemleta mteja pale pale kwenye kulipia, kesi zikafunguliwa Marekani. Yaani winga umemtembeza mteja kutwa nzima, mnafika kaunta anatokea jamaa anasema nimemleta mimi. Na wewe usijaribu ujanja wa aina hiyo, Shawn Hogan na Brian Dunning walikuwa vinara wa afilieti wa eBay kwa kubandika watu kuki kimya kimya, mamilioni ya dola, mwaka 2014 wakahukumiwa jela, mmoja miezi 5 mwingine miezi 15.

Kutoa hela nyie Kenya mna nafuu, PayPal kwenda M-Pesa ipo tangu 2018. Amazon wao wengi tunapokea kwa Payoneer, akaunti ya mtandaoni ya kupokelea hela za nje, kiwango cha chini dola 10 ukilipwa kwa benki, na jiandae kusubiri, mauzo ya Januari unayaona mwisho wa Machi huko. Na KRA, watu wenu wa kodi, wanawajua, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio asilimia 5 kwa hela za maudhui ya mtandaoni, afilieti imetajwa humo waziwazi, mswada ulitaka 15 mkapiga kelele ikashuka. Huku kwetu nako 2024 wakaleta asilimia 5 yao kwa waandaaji maudhui, kwa hiyo tusichekane.

Ila ukiniuliza mi, kwa mtu wa Nakuru ningeanza na maduka yanayofikisha mzigo Nakuru. Jumia na Kilimall wapo kwenu, mnunuzi wako analipa kwa M-Pesa. Mkenya kununua chaja Amazon kwa linki ya Facebook, hapana bro, hata wewe ulinunua kwa sababu linki ilikuwa yako.

*Kaka shikamoo. Napika chakula cha kwetu YouTube, wali wa nazi, mchuzi wa pweza, maandazi. Nipo Ohio. Watu wananiuliza sufuria na blenda nimenunua wapi. Niweke linki? – Dada wa Columbus*

Marahaba mdogo wangu. Weka leo! We ndo mtu pekee kwenye barua za mwezi huu ambaye wateja wamemfuata wenyewe. Ila kwanza angalia takwimu za chaneli watazamaji wako wako nchi gani, kama asilimia kubwa ni Dar na Mombasa basi linki ya blenda ya Marekani ni pambo. Walioko Marekani, Kanada na Uingereza ndo watanunua, na kila nchi Amazon ina mpango wake, unajiunga kimoja kimoja, kuna kitu kinaitwa OneLink kinampeleka mtu kwenye duka la nchi yake. Huko mliko lazima useme wazi kwamba unalipwa, sheria za FTC hizo, mamlaka ya Marekani inayolinda wateja, na Amazon wenyewe wanataka uiandike, kwa hiyo iseme mdomoni kwenye video pia sio kuificha chini kabisa ambako hakuna anayefika. Blenda ambayo hujaitumia usiiwekee linki hata kama kamisheni yake imenona. Na hizo mbuzi za kukunia nazi, ukipata mtu anazileta huko niambie na mimi, nina wateja wawili.

*Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Mwanangu wa mwisho anafanya hiyo biashara ya linki. Sina tatizo na kazi, lakini ametuma linki ya dawa za nguvu na za kupunguza tumbo kwenye grupu la ukoo na la kwaya, shangazi yake amenunua kwa 85,000, amekunywa, anaharisha, na sasa amegundua kijana alipata fungu humo. Hawasalimiani. Ni sahihi yeye kulipwa bila kusema? – Tanga*

Shikamoo mwalimu. Pole na hilo.

Si sahihi. Winga ukimuona Msimbazi unajua huyu ni winga, unapunguza kumuamini kwa kipimo chake, unabishana. Shangazi hakujua kama mbele yake kuna winga, alijua ni mtoto wa kaka yake anamjali tumbo lake. Bei ya ile dawa alilipia na huo undugu. Kamisheni za dawa za namna hiyo huwa kubwa kuliko za vyombo au vitabu, asilimia thelathini, arobaini, na mwalimu ukiona bidhaa inaweza kumgawia mletaji karibu nusu ya bei jiulize kilichomo kwenye chupa kimegharimu ngapi. Kabla ya yote shangazi aende hospitali na chupa yake mkononi, na muangalie kama ina usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa.

Kuhusu kijana, mi nisingemkataza kazi. Wapo wanaoifanya kwa heshima, Wirecutter kule Marekani waliijenga tovuti nzima kwa kujaribu vitu kwa mikono yao na kusema wazi tunapata kamisheni, New York Times wakaja kuinunua mwaka 2016 kwa takriban dola milioni 30. Kusema hakukuwafukuzia wateja. Mwanao ana simu, ana maneno, ana ukoo mzima unaomsikiliza, ila kaanza na bidhaa mbaya kuliko zote. Aondoe linki za dawa kote alikoziweka. Aandike kwenye yale magrupu mawili, kwa jina lake, kwamba alikuwa analipwa na hakusema. Na fungu lake alilopata kwa shangazi ampelekee yeye mwenyewe kwa miguu, asilitume kwa simu, tena aende asubuhi kabla shangazi hajaenda shamba. Ukiona inafaa nendeni wote wawili, we utangulie kupiga hodi.

Barua ya dada wa Arusha kuhusu kuagiza mzigo China na kuuza kabla haujafika nimeiona, ndefu, ina risiti kumi na nne. Nipe mpaka toleo lijalo, na usitume hela nyingine kwa huyo ajenti.